Boksi la toleo la tano, boksi la toleo la saba, na sauti ya Hermano

Saa nne asubuhi kengele za kanisa la Wareno, mtaa wa Columbia, zinalia kwa furaha, na Graciete Raposo anashuka ngazi kinyumenyume. Kamera iko begani, jicho moja limefumbwa, na unyayo wake unapapasa kila daraja kabla ya kulikanyaga. Mbele yake bibi harusi anateremka kwa madaha. Nyuma ya bibi harusi shangazi watatu wanagombania mkia wa shela.

"Usinitazame mimi, binti. Mtazame mumeo," Graciete anamwambia kwa sauti ya chini. "Mimi sipo hapa."

"Hupo, na umekanyaga maua yangu," bibi harusi anamjibu, kisha anaangua kicheko.

Kicheko hicho ndicho Graciete alichokuwa anakiwinda tangu asubuhi. Anakidaka, anashusha kamera, anamwomba radhi kwa ajili ya maua. Shangazi mmoja anamwambia kazi yake ni ya kichawi. Yeye anasema si uchawi, ni magoti tu, na magoti yenyewe yameanza kulalamika.

Graciete ana miaka hamsini na miwili. Watu wa Fall River, mji wa viwanda wa Massachusetts, Marekani, wanamjua kama mama wa kamera, lakini nusu ya maisha yake aliyamalizia kwenye kiwanda cha mapazia kando ya mto, mguu kwenye pedali na kichwa kimeinama. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walienda kusafisha mahoteli. Yeye alichukua kiinua mgongo chake, akanunua kamera, akaenda kwa mpiga video mkongwe, Hermano Pacheco, akamwomba amfundishe.

"Mashine ya kushona na kompyuta ya kuhariri ni ndugu," anasema. "Kote unakata, kote unaunganisha, na kote mshono ukionekana umeharibu."

Harusi moja humletea dola mia sita hivi, na humo mna kanda, mafuta ya gari na siku nyingi za kukaa mbele ya kompyuta. Kuanzia theluji ya kwanza hadi Pasaka, harusi hakuna. Kwa mwanamke anayeishi peke yake hiyo si riziki ya kuringia. Lakini harusi ya leo ataihariri kwa programu nzuri, tena ni yake kwa haki, na leseni ina jina lake. Namna alivyoipata inasimuliwa mpaka leo kwenye ukumbi wa Udugu wa Roho Mtakatifu, chama cha waumini wa Kireno hapa mjini, na kila msimuliaji anaongeza chumvi yake.

Hapa tunaisimulia bila chumvi.

Hermano Pacheco alipiga video za sikukuu ya Roho Mtakatifu kwa zaidi ya miaka thelathini. Taji la fedha likipita barabarani, yeye yupo. Supu ikipakuliwa, yupo. Watoto wakilia kwa viatu vipya, yupo. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa kuwa kamera ilikuwa mkononi mwake siku zote, hakuna video hata moja inayomwonyesha.

Miezi yake ya mwisho aliitumia kutengeneza filamu ya Udugu, tangu ukumbi ulipojengwa hadi leo. Na kwa mara ya kwanza maishani aliamua kusema. Aliketi jikoni kwake na kipaza sauti, akasimulia filamu yote kwa sauti yake mwenyewe. Kabla hajaunganisha vipande vya mwisho, Mungu akamwita. Hiyo ilikuwa mwaka juzi, wakati wa baridi.

Mkewe, Dona Alzira, alimkabidhi Graciete kifaa cha kuhifadhia kazi kilichotolewa ndani ya kompyuta ya marehemu, kimefungwa kwenye taulo la jikoni kama mkate wa moto.

"Mmalizie," alimwambia.

"Nitammalizia, Dona," Graciete alijibu.

Wajane wanaelewana kwa maneno machache, na Graciete naye alimzika wake zamani.

Kazi ya Hermano ilikuwa imehifadhiwa kwenye toleo la saba la programu ya kuhariri. Graciete alikuwa na programu nyingine, kuukuu, inayozimika yenyewe katikati ya harusi za watu. Haikuweza kuifungua kazi ile. Sauti ya marehemu ilikuwa humo ndani, imefungiwa, na ufunguo ni toleo la saba tu.

Sasa, katika huzuni yake, Dona Alzira alikuwa amevitoa vyombo vya kazi vya mumewe vinadiwe kwenye mnada wa Pentekoste.

Mnada huo ndio unaolisha Udugu. Baada ya misa watu wanakula supu ya nyama yenye mkate na majani ya mnanaa, kisha Mzee Belmiro Furtado anapanda jukwaani na kuanza kunadi: mikate mitamu ya mayai, soseji za pilipili, blanketi la kufuma, ndama mzima aliyevishwa utepe. Mnada una desturi zake. Kilichonunuliwa pale hakiuzwi tena na hakigawiwi, kwa sababu ni nadhiri. Ukikichoka unakirudisha mnadani, papo hapo au mwakani. Anayekirudisha ana haki ya kusema kinadiwe kwa fedha au kwa ahadi. Ahadi ilianza zama zile viwanda vilipokuwa vinafungwa, mtu hana senti lakini ana mikono: huyu anaahidi kupaka rangi ukumbi, yule anaahidi kumenya viazi vya sikukuu.

Desturi ya mwisho ndiyo iliyozua kizaazaa. Vitu vilivyo jozi hutenganishwa. Vinara viwili vya mishumaa vinanadiwa kimoja kimoja, mito miwili kila mmoja peke yake. Wazee wanasema baraka isikae nyumba moja wakati zipo mbili zinazoitamani.

Basi Mzee Belmiro alipoyakuta maboksi mawili ya programu ya Hermano, alifanya kama alivyofundishwa na baba yake. Akanadi kwanza boksi la toleo la tano.

Graciete alikuwa kwenye kiti chake, mkoba mapajani. Aliliona likipita na hakunyoosha mkono.

"Nilijiambia, la zamani la nini? Mimi nataka la saba," anasema, na anajicheka. "Wenye akili wengi walikuwepo pale, hakuna aliyenipinga."

La tano lilichukuliwa na Urbano Tavares, mwoka mikate wa mtaa wa pili, mtu mnene wa kicheko kikubwa ambaye mkono wake huko mnadani hautulii. Mwaka huo mkewe, Idalina, alikuwa ametoka kwenye upasuaji wa moyo akiwa mzima, na Urbano alikuwa ananunua kila kitu kwa shukrani. Alidhani ndani ya boksi mna filamu ya maandamano. La saba likamwangukia Graciete, akalipeleka nyumbani kifuani kama mtoto mchanga.

Harusi za kiangazi zilipopungua, aliliingiza kwenye kompyuta. Kompyuta ikamkaribisha vizuri, ikajaza nusu ya mstari wake wa kijani, halafu ikasimama na kumwomba namba ya toleo la zamani.

Ubavuni mwa boksi, kwa maandishi madogo kama ya dawa ya macho, yaliandikwa maneno ambayo hakuyasoma mnadani: hili ni toleo la kuboreshea, ni kwa mwenye toleo la tano au la sita tu. Hermano alikuwa amenunua la tano zima kwa bei yake kamili, na baada ya miaka akanunua la saba kwa bei ya punguzo, kwa sababu tayari alikuwa mwenye la tano. La saba linalitegemea la tano kama ghorofa linavyoitegemea nyumba ya chini.

Alimpigia simu Urbano. Urbano hakuwa mchoyo hata kidogo.

"Namba tu?" alimuuliza. "Ngoja nifute unga kwenye miwani. Andika, dada."

Akamsomea yote. Graciete akaiandika nyuma ya mfuko wa sukari. Ilibaki kuipiga tu kwenye kompyuta na kubonyeza. Lakini yeye ana tabia moja ambayo wenzake humtania nayo: husoma kila kitu kabla ya kukubali, hata karatasi zinazokuja na dawa za mafua; ubavu wa boksi lile tu ndio uliomponyoka. Kwenye skrini palikuwa na masharti, na chini yake swali kama yeye ndiye mwenye matoleo yote mawili.

"Namba nilikuwa nayo mkononi," anasema. "Haki ndiyo sikuwa nayo."

Akapiga simu kwa kampuni. Akapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya upole aitwaye Rhonda, aliyeko mbali kabisa, upande wa Texas. Graciete alimweleza kila kitu, kuanzia upasuaji wa Idalina. Rhonda alimsikiliza bila kumkatiza, halafu akamfafanulia.

"Ulichonunua ni karatasi na diski, mama," alimwambia. "Leseni ni kitu kingine. Matoleo yote mawili ni leseni moja, hayakatwi. Yule mwoka mikate hawezi kuitumia nusu yake, na wewe huwezi kuitumia nusu yako."

Kumbe leseni ya mitumba inaruhusiwa. Mtu anaweza kuuza, kutoa zawadi, hata kunadi. Ila yote yahamie kwa mtu mmoja, aliyekuwa nayo asibaki na nakala, na yeye au mrithi wake aandike barua kwa kampuni kumtaja mwenye mali mpya. Hapo jina linabadilishwa. Na huyo mpya anapata pia haki ya kununua toleo la nane kwa bei ya punguzo, kama vile alikuwa mteja wao tangu mwanzo.

Bila hivyo, Rhonda alisema, kuna njia ya kununua programu mpya nzima. Bei yake ilikuwa zaidi ya harusi mbili, na baridi ilikuwa mlangoni.

Kijana wa duka la kompyuta karibu na daraja alimwonyesha njia ya mkato: namba za wizi zimejaa kwenye mtandao, zinapatikana kabla kahawa haijapoa. Graciete alimshukuru na kufunga mkoba.

"Filamu ya Roho Mtakatifu niitie mkono wa mwizi?" anauliza. "Kisha niipeleke kanisani ikabarikiwe? Hapana. Mungu hahitaji video yangu kiasi hicho."

Akarudi kwa Urbano, safari hii kwa miguu, dukani kwake. Boksi la tano lilikuwa kwenye rafu juu ya tanuri, kando ya sanamu ya Bikira, limezungushiwa taa ndogo za Krismasi. Alipomwomba amuuzie, Urbano alitikisa kichwa kwa uchungu wa kweli.

"Dada Graciete, ungeniomba duka, tungekaa tukazungumza," alimwambia. "Lakini hilo ni la moyo wa Idalina. Siliuzi, siligawi. Nikigusa nadhiri halafu mke wangu akapiga chafya, nitamtazama nani?"

Idalina alikuwa kwenye mashine ya fedha, anawafungia watu mikate. Akasema moyo wake uko salama mikononi mwa daktari na Mungu, si kwenye diski. Urbano hakumsikia, au alijifanya.

Msimu wa baridi ukapita hivyo. Graciete alihariri harusi za kiangazi kwa programu yake inayozimika. Kila Jumapili baada ya misa Dona Alzira alimshika mkono na kumuuliza habari za afya. Hakumuuliza lile lingine. Graciete anasema angefurahi zaidi kama angeulizwa.

Aliyeona mlango ni Idalina. Siku moja ya Kwaresima, akimhesabia Graciete mikate, alisema bila kuinua macho, "Nyinyi wawili mnakaa mnalia, na mnada upo. Si yarudi yote mawili?"

Yote mawili. Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Urbano angeweza kulirudisha la tano bila kuvunja nadhiri, lakini kama Graciete angebaki na la saba nyumbani, yangeendelea kutengana, na mwingine angeweza kulinunua la tano. Ilibidi naye aliweke la kwake mezani, yanadiwe kama kitu kimoja, na atakayeshinda achukue yote. Na yeye, mwenye nusu tayari, angeweza kutoka pale mikono mitupu.

Alisali juu ya jambo hilo wiki nzima. Halafu akaenda kwa Mzee Belmiro na kumwomba, kwa heshima, avunje desturi ya kutenganisha jozi. Mzee alikuna kidevu. Alisema baba yake atageuka kaburini. Graciete akamwambia baba yake alinadi vinara, na kinara kimoja kinawaka hata bila mwenzake. Mzee akaomba siku tatu za kufikiri, na siku ya pili akakubali.

Habari hazikai Fall River. Zilivuka zikafika mji jirani wa New Bedford, kwa Gil Cabral, mpiga video za harusi mwenye koti la ngozi na mdomo mtamu. Gil alikuwa anataka toleo la nane, lakini hakuwa na toleo la zamani la kumpa haki ya punguzo. Kwake maboksi ya Hermano yalikuwa njia ya mkato, tena ya halali kabisa. Siku ya Pentekoste mwaka huu, 2006, alikuwa amekaa safu ya mbele.

"Dada Graciete," alimwita supu ikiwa bado mezani, "nasikia leo unanadi ng'ombe pamoja na kamba yake."

"Na wewe umekuja na nini, kaka? Ndoo?"

"Nimekuja na pochi."

"Basi kula kwanza. Pochi haishibishi."

Ukumbi ulijaa. Mikate ikaenda, soseji zikaenda, ndama akalia na kuchafua jukwaa, na watoto wakashangilia. Kisha Mzee Belmiro akainua maboksi mawili yaliyofungwa kwa kamba moja.

"Leo sitenganishi," alisema. "Mwaka jana niligawa baraka mbili, kumbe niligawa kufuli huku na ufunguo kule. Hii ni leseni moja. Dona Alzira yuko pale, atamwandikia barua atakayeshinda, yeyote yule. Ukipenda boga, penda na ua lake. Nani anaanza?"

Graciete alianza. Gil akapandisha. Bei ikafura kama unga wenye hamira. Graciete alikuwa amekuja na malipo ya harusi nzima ndani ya mkoba, na alipoona Gil ameyapita kwa kidole kimoja tu, alishusha mkono akauweka mapajani. Hakumtazama Gil. Alimtazama Dona Alzira, aliyekuwa anasogeza punje za rozari bila kutikisa midomo.

Mzee Belmiro alihesabu mara ya kwanza, polepole. Akahesabu mara ya pili, polepole zaidi. Kabla ya ya tatu, mkono mweupe wa unga ukapaa nyuma ya ukumbi.

"Urbano, shusha mkono," Idalina alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Mkono haujaniomba ruhusa," Urbano akajibu, na akapandisha.

Gil akageuka kumtazama. Akapandisha kidogo. Mkono wa unga ukapanda tena. Gil akapandisha, mkono ukapanda kabla hajamaliza kusema. Mwishowe Gil alicheka, akafunga pochi, akasema hawezi kushindana na mtu asiyejua anachonunua. Maboksi yakaenda kwa mwoka mikate, na ukumbi ukalipuka kwa vicheko.

"Sasa nyumbani tutapaka siagi diski?" Idalina aliuliza.

Urbano alipanda jukwaani akihema, akalipa, akayapokea maboksi, akayabusu. Kisha akayarudisha mikononi mwa Mzee Belmiro.

"Nayarudisha," alisema. "Ni haki yangu. Na safari hii fedha zikae mifukoni. Yanadiwe kwa ahadi."

Wazee waliokuwa wameanza kuvaa makoti wakakaa tena. Ahadi ilikuwa haijanadiwa pale kwa miaka mingi.

Gil alisimama wa kwanza, maana si mtu wa kukata tamaa upesi. Akaahidi kupiga video ya sikukuu ya mwakani bila malipo. Watu wakampigia makofi, kwa kuwa ilikuwa ahadi nzuri.

Graciete alisimama. Anasema hakuwa amepanga maneno.

"Mimi nitaipiga kila mwaka, mpaka magoti yakatae," alisema. "Na wakati wa baridi, harusi zikiisha, nitakwenda nyumba kwa nyumba kwa wazee wa ukumbi huu. Kila mmoja nitamrekodi sauti yake akisema anachotaka kusema. Ili asiwepo mjane mwingine wa kusubiri mwaka mzima kumsikia mumewe."

Mzee Belmiro alimgeukia Gil. Gil alikuwa amevua kofia.

"Kila mwaka, hata maandamano ya alfajiri?" alimuuliza Graciete.

"Hata ya alfajiri."

"Basi nimeshindwa. Mimi saa kumi na mbili asubuhi hata malaika hanikuti macho wazi," Gil alisema, na yeye mwenyewe ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Wiki hiyo hiyo Dona Alzira aliandika barua jikoni kwake, kwa mwandiko wa shule ya watawa, na kuweka sahihi akiwa amevaa hereni zake za Jumapili. Kampuni ilileta fomu ya usajili. Palikuwa na swali: mali hii umeipataje? Kununua, zawadi, au urithi. Graciete hakuona la kwake, akaandika pembeni: kwa ahadi.

Rhonda akampigia simu.

"Mama Raposo, mfumo wangu hauna sehemu ya ahadi."

"Basi andika zawadi."

"Zawadi kutoka kwa nani? Naona hapa kuna mrithi, kuna mwoka mikate, kuna na Roho Mtakatifu."

"Ni habari ndefu, binti yangu."

"Nina muda," Rhonda alisema. Akasimuliwa yote, pamoja na mkono wa unga, na alicheka mpaka akalazimika kuweka simu chini. Alipoishika tena alimwambia jina limebadilishwa.

Graciete aliifungua kazi ya Hermano asubuhi, baada ya kusali, mapazia ya chumba yakiwa wazi. Mstari wa kijani ulijaa mpaka mwisho. Picha zikajipanga. Kisha sauti ikatoka, nzito na ya haya, ya mtu anayeomba radhi kwa kusema.

Ilimchukua wiki tano kuunganisha vipande vilivyobaki. Filamu ilionyeshwa ukumbini Agosti, kwenye shuka jeupe, feni zikizunguka, na viti havikutosha. Watu walijiona wakiwa vijana, wakaonyeshana marehemu wao, wakabishana juu ya nguo. Dona Alzira alikaa katikati ya safu ya kwanza.

Karibu na mwisho Hermano anakohoa. Hapo mhariri mwingine angekata. Ni mshono unaoonekana. Graciete aliuacha makusudi. Baada ya kikohozi inakuja sauti, si ya msimulizi tena, ni ya mtu aliye jikoni kwake:

"Alzira, ile chai yangu iko wapi?"

Ukumbi wote ulicheka. Na kutoka safu ya kwanza Dona Alzira, bila kufikiri, akajibu kwa sauti ya kila siku: "Inakuja, Hermano."

Hakuna aliyemcheka. Urbano alipenga pua kwenye aproni yake kwa kishindo, akasingizia feni.

Tangu hapo Graciete ameanza kutimiza aliyoyaahidi, bila kusubiri baridi. Ameshawarekodi wazee tisa. Mzee Belmiro alinadi mkate wa kubuni kwa dakika nzima ili sauti yake ya jukwaani isipotee. Urbano aliahidi kuongea kidogo, akaongea kanda mbili. Dona Alzira alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili akatoa chai na vikombe vitatu, akaongea.

Mwezi ujao, malipo ya harusi hii ya leo yakikamilika, ananunua toleo la nane kwa bei ya punguzo, kwa haki iliyoanzia kwa Hermano. Gil Cabral, ambaye hatimaye alinunua programu nzima kwa bei ya dukani, humpigia simu kumuuliza jinsi ya kuitumia, na kila mara anamwita mama mwenye kamba na ng'ombe.

Bibi harusi wa leo sasa yuko ndani ya gari, mkia wa shela umebanwa na mlango, na shangazi watatu wanalaumiana. Graciete anaipiga picha ya mlango ule, kisha anawafungulia. Anapakia vyombo vyake kwenye gari. Kwenye kiti cha nyuma kuna begi la turubai, na ndani yake maboksi mawili, yamefungwa kwa utepe mwekundu wa sikukuu. Graciete hayaachi nyumbani.

Anasema la nane likija litafungwa humo humo pamoja nayo. Na siku magoti yatakapokataa kabisa, yote matatu yatarudi mnadani kama kitu kimoja, yanadiwe kwa ahadi, na yeye atakaa safu ya nyuma na supu yake aone ni nani atakayenyoosha mkono.

"Ila Urbano," anaongeza, akiwasha gari, "siku hiyo Idalina amkalie mkono."